Taa Iliyozibwa kwa Utepe

Rubani Wade Tolliver alikutwa bado amefungwa mkanda kwenye kiti chake, katikati ya vichaka, mbali na vipande vya chombo alichokuwa akikirusha. Uso wake haukuwa na hata mkwaruzo. Upepo wa Mojave ulikuwa umeshaanza kumfukia kwa mchanga, maana jangwa letu halisubiri mazishi.

Inspekta Dolores Arrieta wa ofisi ya sherifu alichuchumaa kando ya maiti.

"Alikufa papo hapo," alisema mchunguzi wa maiti. "Tangi la roketi lililipuka. Hakuteseka."

"Hilo nitamwambia mkewe. Kingine?"

"Kingine kipo kule. Hutakipenda."

Kule kulikuwa na dashibodi, imeng'oka lakini haijaungua. Taa moja, ile ya kuonya joto la tangi, ilikuwa imezibwa kwa utepe mweusi. Juu ya utepe mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyeupe: MWONGO.

Chombo chenyewe kilikuwa cha kupeleka watalii ukingoni mwa anga. Ndege mama hukibeba tumboni, ikifika juu hukiachia, nacho huwasha roketi yake na kupaa. Watalii walishakata tiketi. Wade alikuwa anakijaribu kabla yao, na kazi ya rubani wa majaribio ukiivua mapambo yote ni hiyo tu: atangulie kufa yeye, ili wengine wakapige picha.

Garrett Lindqvist, mkurugenzi wa kampuni, alimkuta Inspekta palepale mchangani.

"Umeona mwenyewe, Afande. Kaziba taa ya onyo. Kosa la rubani. Jioni nawaambia waandishi."

"Mbona haraka?"

"Nina wateja."

"Na mimi nina maiti. Waandishi watangoja."

Joanie Tolliver, mjane wa Wade, alimpokea Inspekta jikoni. Habari ya utepe ilikuwa imemfikia kabla ya habari ya maiti kuokotwa.

"Wanasema amejiua kwa uzembe," alisema. "Nina binti, Afande. Hayo ndiyo atakayosoma kuhusu baba yake mpaka azeeke. Kama ndiyo ukweli, niletee nitaumeza. Lakini usiniletee ule wa Garrett."

"Utepe ni wake?"

"Ni wake. Na maandishi ni yake. Ile taa ilimchosha. Kila wakipanda inawaka, na sheria yao ni kwamba ikiwaka hawamwachii, ndege mama inarudi naye. Wakitua, wakipima tangi, baridi kama maji ya kisima. Mara tatu! Wenzake wakaanza kumtania: 'Wade, umekuwa mtoto wa basi la shule, unapelekwa unarudishwa.'"

Mgeni ataona kuziba taa ni wendawazimu. Huku kwetu ni desturi. Taa ikishadanganya, marubani huibandika utepe na kuendelea na kazi, kwa sababu ndani ya chombo cha majaribio kuna taa nyingi na anayeziamini zote hatoki ardhini. Ni desturi ya watu wenye akili, na imeua watu wenye akili.

Inspekta Arrieta alirudi kwenye ofisi za kampuni, akaomba data zote zilizonaswa katika safari nne za mwisho. Akazisoma taratibu, kidole kwenye kioo cha kompyuta.

Mara ya kwanza, taa iliwaka huku kipimajoto cha tangi, ambacho rubani hakioni, kikisema baridi. Ya pili vilevile, ya tatu vilevile. Na kila mara iliwaka chombo kilipofika kimo kilekile. Mara ya nne, siku ya kifo, kipimajoto chenyewe kilipanda, na taa ikawaka chini ya utepe, ikaendelea kuwaka mpaka mwisho. Siku hiyo ilisema kweli na hapakuwa na wa kuiona.

Inspekta aliegemea kiti. Kitu kibovu huharibika ovyo ovyo. Taa hii ilidanganya kwa nidhamu.

Akaenda kwenye banda walikokusanya mabaki, akaigeuza dashibodi. Nyuma ya ile taa kulikuwa na ncha mbili za waya zisizokwenda popote. Hazikukatika kwa mlipuko. Zilikuwa zimekatwa kwa koleo, safi. Na zilifungwa pamoja kwa uzi wenye nta, fundo baada ya fundo, kazi ya mtu mwenye subira.

Alimwita Lindqvist.

"Mafundi wako hufunga nyaya kwa nini?"

"Vibanio vya plastiki."

"Na huu uzi?"

Lindqvist alitabasamu bila kutaka. "Huo ni wa Mzee Lyle tu. Walimfundisha jeshini enzi hizo. Tunamwita fundi cherehani."

"Aliwahi kukuonya lolote kuhusu tangi?"

Tabasamu likaondoka. "Mafundi huonya kila siku, Afande. Ndiyo kazi yao."

"Nimekuuliza juu ya huyu mmoja."

Lindqvist aliomba kumpigia mwanasheria wake, na ombi hilo Inspekta aliliandika.

Lyle Bascombe, mkuu wa mafundi, alikuwa nyuma ya karakana, kwenye uwanja wa ndege zilizostaafu. Zimepangwa pale kwa safu, zinangoja kukatwakatwa. Mzee alikuwa ameketi kivulini chini ya bawa la mojawapo, chupa ya kahawa pembeni, hajaifungua. Alipoona uzi ndani ya mfuko wa ushahidi, alitikisa kichwa tu.

"Una haki ya kukaa kimya, Mzee Lyle," alisema Inspekta.

"Nimekaa kimya vya kutosha."

"Uliunganisha nini pale?"

"Kifuko cha bati, kutoka kwenye kipimo cha kimo cha ndege ile pale. Hewa ikiwa nyepesi kinavimba, kinagusa waya, taa inawaka."

"Ili?"

"Ili arudi nyumbani." Mzee alifuta uso. "Tangi lile linapashwa na jua pale kwenye lami kabla hata hawajaruka. Nilimwambia Garrett tungoje msimu wa baridi. Akasema watalii hawangoji. Basi nikaona nimrudishe kijana mimi mwenyewe, kila akipanda, mpaka joto lipungue."

"Kisha ukakikata."

"Garrett aliagiza dashibodi nzima ikaguliwe. Nikaogopa kukamatwa. Nikajifariji: taa yenyewe ni nzima, kukiwa na hatari ya kweli itamwambia."

"Nani alimfunga mkanda siku ile?"

"Mimi."

"Dashibodi ilikuwa mbele yako."

"Ilikuwa mbele yangu."

"Mzee Lyle. Uliuona utepe?"

"Niliuona. Akanikonyeza. Akasema, 'Mzee, leo yule mwongo hana lake.' Ningemwambia 'bandua, sasa inasema kweli,' angeniuliza nimejuaje. Ulimi ukaganda, Afande. Nikampiga begani, nikafunga mlango."

Inspekta Arrieta alimhurumia, na papo hapo alikuwa na hasira ya kumpiga kofi. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili.

"Ulimpenda kama mwanao. Kwa nini tangu mwanzo hukumwambia tu kwamba unaogopa?"

"Umezaliwa hapa, unaniuliza? Rubani haambiwi. Unamwambia habari za mpira, unamtania kuhusu kitambi chake. Ukimwambia unaogopa, umempandishia woga wako humo ndani."

Akasimama, akatoa mikono ifungwe pingu.

"Garrett asimsingizie kijana. Andika jina langu. Na niache nimwambie Joanie mwenyewe."

Lindqvist hakuzungumza na waandishi jioni ile. Alikuwa ofisi ya sherifu akiandikisha maelezo, amekaa na mwanasheria wake, akiulizwa ni nani aliyemwonya na alijibu nini.

Joanie alimsikiliza Lyle mpaka mwisho akiwa amesimama, ameshika meza. Hakumtukana. Aliziangalia zile pingu, kisha akamwangalia usoni.

"Alikuwa anatapika, Lyle. Kila asubuhi ya safari, chooni, amefungulia bomba nisisikie. Yeye hakuweza kusema 'siendi.' Alikuwa anangoja mtu amwambie 'usiende.' Wewe ungesema neno moja tu, angekaa."

Mzee alilia wazi wazi, bila kujificha, mikono ikiwa mbele yake. Kisha akauliza, si kwa ubishi, ila kama mtu anayetafuta mwenzake gizani:

"Na wewe ulikuwa unamsikia?"

"Kila mara."

Joanie alivuta kiti akakaa.

"Nilikuwa namsikia," alisema, "halafu naendelea kukaanga mayai."