Daraja la Kerezo

Maiti ya nyapara Rehani ilikutwa alfajiri moja ya masika, mwaka 1909, ndani ya karakana ya reli ya Morogoro. Ilikuwa imelala kifudifudi chini ya kerezo kubwa, ile mashine ya kuzungusha na kuchonga chuma, huku gurudumu la behewa limeikalia mgongoni. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Tarbushi yake nyekundu ilikuwa pembeni, ukingo umechanika.

"Ajali," alisema mkalimani wa boma, akitaka kurudi kwenye kahawa yake. "Gurudumu limechomoka kwenye mashine, likampiga."

Shaushi Pazi wa polisi alimpita. Masika yalimtia maumivu ya goti, na asubuhi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichuchumaa akachunguza ukingo wa gurudumu. Ulikuwa mkavu, hauna damu wala unywele. Akasimama, akapitisha kiganja juu ya kitanda cha kerezo, ule mhimili mrefu wa chuma, toka mwanzo hadi mwisho. Kilikuwa laini, kizima kabisa.

"Hakuna ajali hapa," alisema.

Mafundi walikuwa wamejazana mlangoni. Mbele yao alisimama Mzee Yunusi, fundi mkubwa wa kukereza, na ile pembe yake ya mafuta ya kondoo ikining'inia kiunoni. Kila chuma alichokigusa alikipaka mafuta hayo kisishike kutu, na vijana walimtania kwamba karakana nzima inanuka kama mchinjo wa sikukuu. Asubuhi ile hakuna aliyemtania.

Bwana Shauri, hakimu wa Kijerumani pale bomani, hakutaka kuumiza kichwa. Jana yake Rehani alikuwa amemlaza fundi kijana, Stambuli, akamchapa viboko hamsa ishirini mbele ya watu wote. Nani mwingine basi? Kabla ya adhuhuri Stambuli alikuwa bomani, shingo kwenye mnyororo.

"Uliondoka karakanani saa ngapi?" aliuliza Bwana Shauri kupitia mkalimani.

"Magharibi, Bwana. Nilipotoka daraja lilikuwa nje."

Mkalimani akayageuza maneno kwa Kijerumani, mkono wake ukionyesha upande wa mto. Askari akatumwa darajani. Wanawake waliokuwa wakifua walisema hawakumwona Stambuli akipita, wala mlinzi wa daraja hakumwona.

"Mwongo," alisema Bwana Shauri. Ikabaki kusubiri kibali cha kunyonga kitoke Dar es Salaam.

Kesho yake jioni Pazi alimkuta mwanamke amesimama kwenye lango la boma, mvua inamnyeshea, kikapu kimefunikwa kwa jani la mgomba. Alikuwa Asia, mke wa Stambuli na binti wa Mzee Yunusi.

"Shikamoo, Shaushi."

"Marahaba. Nenda nyumbani, mwanangu. Utaugua."

"Nikafanye nini nyumbani? Mume wangu wanataka kumnyonga. Na baba hajala tangu juzi, anakaa tu anatazama ukuta." Alijifuta uso. "Shaushi, wanasema Stambuli amedanganya habari ya daraja. Apite darajani kwenda wapi? Nyumba yetu iko upande huuhuu wa mto."

Pazi alimtazama. Alikuwa amemsikia Stambuli kwa Kiswahili, kwa masikio yake mwenyewe, na bado alikuwa amefuata mkono wa mkalimani. Alijionea haya.

Kwenye chumba cha mahabusu Stambuli alikuwa amelala kwa tumbo, maana mgongo haukulalika.

"Daraja gani lilikuwa nje?" aliuliza Pazi.

"La kerezo, Shaushi. Si la mto." Alijaribu kuinuka, akashindwa. "Kitanda cha kerezo, pale karibu na kichwa cha mashine, kina kipande kinachotoka ukifungua boliti. Ukikitoa panabaki pengo, gurudumu pana linapata pa kuzungukia. Kipande hicho ndicho tunakiita daraja. Siku ile nilikitoa, nikafunga gurudumu la behewa. Baada ya viboko sikuweza kuendelea. Nikaliacha gurudumu kwenye mashine, na daraja sakafuni."

"Na daraja likiwa ndani?"

"Gurudumu lile halifungiki kabisa. Lingegonga kitanda."

Pazi alikumbuka kiganja chake kilivyoteleza juu ya chuma. "Asubuhi ile daraja lilikuwa mahali pake."

"Basi kuna mtu amelirudisha. Si mimi. Mimi kila siku nagombezwa kwa kuliacha nje."

"Ukilirudisha hupaka nini chini yake?"

"Mafuta ya mashine, ya stoo. Nikikumbuka."

"Nani mwingine anajua kulirudisha?"

Stambuli aligeuzia uso ukutani. Pazi akaondoka.

Asubuhi, ndani ya karakana, alimwita kwanza Prakash, karani wa stoo, aliyegombana na Rehani kwa habari ya mafuta ya taa yaliyoibwa.

"Funguo za karakana anazo nani?"

"Mmoja ninao mimi, mwingine anao Mzee Yunusi."

"Nifungulie daraja."

Prakash alitazama dirishani, upande wa mto. "Daraja lina mlango, Shaushi?"

Pazi nusura acheke. "Stoo yako ina mafuta gani?"

"Ya mashine na ya taa. Basi."

Pazi akamwacha aende, akamwita Mzee Yunusi, akafunga mlango. Nje ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Uluguru mpaka kwenye mapaa.

"Mzee wangu, toa daraja."

Yunusi alichukua spana. Akafungua boliti moja moja. Alipokiinua kile kipande kizito, chini yake palikuwa na mafuta meupe, yamepakwa vizuri mpaka pembeni, yananuka kondoo. Katikati ya mafuta ulinasa uzi mwekundu wa tarbushi.

"Mkweo hana mafuta haya," alisema Pazi.

Yunusi aliketi juu ya kasha. "Rehani alinisimamisha mbele, Shaushi. Stambuli amevuliwa nguo zote, amelazwa. Akaniambia, hesabu, mzee. Mkwe wangu yule. Mimi kwa heshima ya ukwe hata mkeka mmoja siketi naye, nikamtazama uchi wake, nikahesabu mpaka mwisho." Akafuta mafuta mikononi. "Baada ya magharibi nikamfuata hapa kumsihi. Akacheka. Akasema, kesho utahesabu tena. Akanipa mgongo. Daraja lilikuwa hapo sakafuni."

"Kisha ukalishusha gurudumu kwa kapi."

"Nilitaka waseme ajali."

"Ungeliacha daraja nje, huenda bomani wangekubali."

"Najua. Nililipangusa damu, halafu mkono wenyewe ukalirudisha. Nikapaka mafuta, nikakaza boliti, kama siku zote. Nilipokwisha funga mlango ndipo nikatambua, na mlinzi wa karakana alikuwa anakuja."

"Na Stambuli, mzee? Ungemwacha anyongwe?"

"Kila nikiamka nasema leo nakwenda bomani. Nikifika njiani naogopa kamba." Alilia bila sauti. "Ndiyo aibu yangu nyingine."

Pazi naye alitamani kulia. Alimshika mkono, wakaenda pamoja, hakumfunga.

Adhuhuri Stambuli alitolewa langoni, ameinama, anatembea kwa hatua fupi. Asia alimkimbilia, akamshika bega, kisha akamgeukia Pazi.

"Mungu akulipe, Shaushi. Sasa mmemkamata nani?"

Pazi alishusha macho kwenye pembe ya mafuta ya kondoo aliyokuwa ameishika. Stambuli alikaa chini kwenye matope, uso kaelekeza milimani, hakumtazama mkewe. Asia akawatazama wote wawili, mmoja mmoja, kisha ile pembe ya babake, akaelewa. Akafunua kikapu.

Alimpa mumewe kibuyu cha maji. Chakula hakumpa.

"Nionyesheni alipo," alisema. "Leo siku ya tatu hajala."