Mtutu Unaelekea Wapi?

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Ebla alikuwa ameshawasha jiko. Hoteli yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati kando ya soko la mifugo la Ijara. Wafugaji walikuja na ng'ombe wao. Wanunuzi walikuja na malori kutoka Garissa. Wote walitaka chai ya maziwa yenye iliki, na Ebla alijua nani anapenda sukari nyingi na nani amekatazwa na daktari.

Mume wake, Ogle, alikuwa polisi wa akiba. Yeye na wenzake wachache walipewa bunduki na serikali ili walinde soko, visima na ng'ombe wanaopelekwa mnadani. Ogle alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu zilizotiwa hina. Alipofika hotelini aliegemeza bunduki ukutani, karibu na pipa la maji, kisha akaketi.

"Nabad, Ogle!" watu walimsalimia. "Ng'ombe wameamkaje?"

"Wameamka vizuri, alhamdulillahi."

Hakuna aliyeitazama ile bunduki. Watu waliizoea kama wanavyoizoea fimbo ya mchungaji.

Siku moja ya soko, kijana mmoja aliingia hotelini. Alikuwa na bunduki kama ya Ogle na sare kama ya Ogle. Lakini mazungumzo yalikatika ghafla. Wanaume waliacha vikombe hewani. Mama mmoja alimvuta mtoto wake na kumficha nyuma ya buibui.

Shingoni mwa kijana huyo palikuwa na tatuu ya nge. Mkia wake ulipanda mpaka nyuma ya sikio. Vidole vyake vilichorwa herufi, na mikono ilijaa michoro ya buluu mpaka viwikoni.

"Salaam aleykum, eedo," alimwambia Ebla, kama kijana anavyomwita shangazi yake. "Naomba chai."

"Chai imekwisha," Ebla alijibu.

Sufuria ilikuwa ikichemka nyuma yake. Mvuke ulipanda mpaka kwenye mabati. Kijana aliuona. Hakubisha.

"Haya, eedo. Hakuna shida," alisema, akatoka.

Jioni Ebla alimweleza mume wake. "Leo nimeona jambazi na bunduki. Ana nge shingoni!"

Ogle alicheka. "Huyo si jambazi. Ni Mursal, mtoto wa marehemu Alio, yule mchinjaji. Aliishi Nairobi miaka mingi, mtaa wa Eastleigh. Huko ndiko alikochorwa, pamoja na marafiki zake. Sasa amerudi kumtunza mama yake. Polisi wamemchunguza na kumfundisha. Ni mwenzetu."

"Mwenzenu, si mwenzangu. Mtu aliyeuchora mwili wake hivyo, akishika bunduki atashindwa kufanya nini?"

"Ebla, bunduki yake na yangu zimetoka mahali pamoja."

"Wewe ni wewe," Ebla alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Habari za nge zilienea sokoni. Wanawake waliokuwa wakiuza maziwa walihama kila Mursal alipopangiwa zamu karibu nao. Wengine walisema alifungwa gerezani. Wengine walisema ni mwizi wa mifugo. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Mursal aliona jinsi watu wanavyomkwepa. Akaanza kujifunika. Alijizungushia kitambaa shingoni na usoni mpaka yakabaki macho tu. Alidhani watu watatulia wasipoiona ile michoro. Mambo yakazidi kuharibika. Sasa watu waliona mtu mwenye bunduki aliyeficha uso wake, na huko Ijara watu walishawahi kuvamiwa na watu wa namna hiyo.

Ebla na wanawake wenzake wakaenda kwa chifu.

"Mnyang'anye bunduki," Ebla alisema. "La sivyo tutaacha kuja sokoni."

Chifu alikuna kichwa. "Nikimwondoa huyu, nitabaki na walinzi wangapi wa kusindikiza ng'ombe? Nipeni muda. Nitamwita Koplo Maryan, yule anayefundisha polisi wa akiba. Atakuja siku ya soko."

Siku hiyo ya soko ilipofika, Ogle alikuwa hotelini. Adhana ya alasiri ikasikika. Alisimama, akachukua birika la maji, akaenda nyuma kutawadha. Bunduki aliiacha ukutani, kama siku zote. Ebla naye alikuwa nje akichukua kuni. Binti yao mdogo, Hani, alikuwa akicheza karibu na pipa la maji.

Mkanda wa bunduki ulikuwa unaning'inia. Hani aliukamata, akauvuta.

Mursal alikuwa akipita njiani. Alitazama ndani, akaona bunduki ikimlalia mtoto, na vidole vidogo vikishikashika chuma. Hakupiga kelele, maana aliogopa mtoto atashtuka. Alikimbia. Kwa mkono mmoja alimsukuma Hani kando. Kwa mkono mwingine aliushika mtutu na kuuelekeza chini mchangani.

Wakati huo huo Ebla aliingia na kuni zake. Aliona nini? Aliona mtu aliyefunika uso, mkono uliojaa michoro, bunduki, na mtoto wake ameanguka chini akilia.

"Uwii! Anamuua mwanangu!"

Wanaume walimiminika kutoka sokoni na fimbo zao. Walimpiga Mursal kichwani na mgongoni. Bunduki yake mwenyewe ilikuwa mgongoni, lakini hakuigusa. Alipiga magoti, akaikumbatia ile nyingine, mtutu ukiwa umezama mchangani.

"Ina risasi!" alipiga kelele. "Mtoeni mtoto! Ina risasi!"

"Mwacheni!" Hiyo ilikuwa sauti ya Ogle. Alikuja mbio, maji yakimdondoka mikononi. "Mwacheni! Hiyo bunduki ni yangu!"

Wakashusha fimbo. Ogle aliichukua bunduki. Akatoa magazini ya risasi. Kisha akavuta komeo la bunduki, na risasi moja ikaruka kutoka ndani ikaanguka mchangani. Ilikuwa tayari kufyatuka.

Ogle aliketi chini palepale, akamvuta binti yake kifuani.

"Nilisahau," alisema. "Nilipotoka kisimani asubuhi, nilisahau kuitoa."

Damu ilikuwa ikimtiririka Mursal kichwani. Ebla alimtazama. Akaenda kuleta maji ya moto yenye chumvi na kitambaa safi. Alipokuwa akimwosha, aliona juu ya kiganja cha kijana kidonda kingine kilichoanza kutunga usaha.

"Hiki je? Fimbo haifanyi hivi."

Mursal aliona haya. "Maji ya betri, eedo. Nilitaka kuufuta huu mchoro. Nilikuwa mjinga nilipochorwa, na nimeshatubu. Lakini wino hausikii toba."

Ebla aliinamisha kichwa, akaendelea kuosha. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Koplo Maryan alifika akakuta soko zima limekusanyika. Alikuwa mama mnene, mzaliwa wa Garissa, mwenye sauti ya kusikika mpaka mwisho wa zizi. Kwanza alimpeleka Mursal zahanati. Waliporudi, kijana alikuwa amefungwa bandeji kichwani na mkononi, na kitambaa kilikuwa bado usoni. Koplo aliwaketisha watu ndani ya banda la mnada.

"Nina swali," alisema. "Mmemwona Mursal hapa sokoni siku nyingi. Ana nini shingoni?"

"Nge!" walijibu wote.

"Mkia wake unaelekea wapi?"

"Nyuma ya sikio!"

"Vizuri. Mna macho makali. Sasa niambieni, mtutu wa bunduki yake huelekea wapi akitembea?"

Watu walitazamana.

"Kidole chake hukaa wapi? Kwenye kifyatulio au nje?"

Hakuna aliyejua.

"Na Ogle? Bunduki yake huiweka wapi akinywa chai?"

Hapo Ebla alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ukutani. Kila siku ukutani, karibu na pipa. Mimi mwenyewe nimefagia kando yake. Sikuwahi kuiona."

"Hukuiona kwa sababu ulikuwa unamwona mumeo," Koplo Maryan alisema. "Na Mursal mlipomtazama, mliona wino tu. Wote wawili mliwatazama, lakini bunduki hakuna aliyeitazama."

Mzee mmoja aliinua fimbo yake. "Koplo, sisi si wajinga. Watu wenye silaha wametuumiza hapa. Tukimwona mgeni wa ajabu ana bunduki, tusiogope?"

"Ogopeni, mzee wangu. Hofu yenu ina sababu. Lakini iogopeni bunduki, haidhuru ameishika nani. Mtu akichorwa, michoro haimfanyi mwizi. Na mtu akiwa na ndevu nzuri, ndevu hazitoi risasi ndani ya bunduki. Tazameni mtutu. Unaelekea chini, au unaelekea kwa watu? Tazameni kidole. Tazameni kama mwenyewe yuko na bunduki yake au ameiacha. Bunduki haiachwi, hata kwa kutawadha. Mkabidhi mwenzako wa zamu kwanza, na iwe haina risasi ndani."

Ogle aliinamisha kichwa. "Nimekosa," alisema mbele ya watu wote. "Mbele ya Mungu na mbele yenu."

"Na tukimwona mtu tusiyemjua?" Ebla aliuliza.

"Usimpigie kelele. Usimwendee wewe kumhoji. Ondoka taratibu na watoto, umwambie chifu, au upige simu kituoni. Sisi ndio tutakaomwomba kitambulisho. Mtu wa haki hatakasirika. Leo mngeweza kumuua mtu aliyekuwa akimwokoa mtoto."

Kisha akamgeukia Mursal. "Nawe, kwa nini ulifunika uso?"

"Walikuwa wananiogopa, Koplo."

"Kwa hiyo ukawaongezea hofu. Mtu mwenye silaha lazima uso wake uonekane. Ukitaka kuvaa mikono mirefu, vaa. Lakini usoni, hapana. Na maji ya betri usiyaguse tena! Yanachoma ngozi mpaka nyama, na kidonda kikioza utapoteza mkono. Ukitaka michoro itolewe, nenda hospitalini uulize. Usipotaka, kaa nayo. Kazi yako unaifanya vizuri."

Mwisho alimtazama chifu. "Chifu, huyu kijana ulimtambulisha lini kwa watu?"

Chifu alikohoa. "Sikumtambulisha. Nilidhani watamjua polepole."

"Watu hawawezi kumjua mtu kwa uvumi."

Palepale chifu alimwita Mursal mbele. Mursal alifungua kitambaa usoni. Kumbe alikuwa na uso wa kitoto, na mwanya kama wa baba yake.

"Mimi ni Mursal, mtoto wa Alio," alisema. "Nyumba yetu iko nyuma ya msikiti. Kitambulisho changu cha kazi ni hiki. Nge alikuja na ujana. Msimwogope, hana sumu."

Mtu mmoja alicheka. Halafu wengi wakacheka. Mwanamke mmoja wa maziwa alisema kwa sauti, "Wallahi, ni Alio mtupu!"

Baada ya hapo mambo yalibadilika pale Ijara. Kila siku ya soko, kabla ya mnada, chifu aliwasimamisha walinzi wa zamu mbele ya watu. Kila mmoja alitaja jina lake na kuonyesha kitambulisho. Walinzi walichanga wakanunua sanduku la chuma. Zamu ikiisha, bunduki zilitolewa risasi na kufungiwa humo katika kituo cha polisi, na ufunguo ukabaki kwa ofisa wa zamu. Hakuna bunduki iliyolala nyumbani kwa mtu. Ogle ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Mlinzi kijana akisahau kuelekeza mtutu chini, alisikia sauti ya Ogle kabla ya kusikia ya Koplo.

Mkono wa Mursal ulipona. Nge alibaki pale pale. Wauza maziwa walianza kumwomba asimame karibu nao, kwa kuwa alijua kutuliza ng'ombe wakali. Ebla alikwenda kwa mama yake Mursal kuomba radhi. Alikwenda akiwa na Hani, na wakakaa mpaka magharibi.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, mgeni mmoja alishuka kwenye lori pale sokoni. Alikuwa amevaa vizuri, ndevu zimepunguzwa, anapendeza. Begani alikuwa na bunduki. Zamani watu wangemkaribisha mara moja, na kumpa kiti cha kivulini.

Ebla hakumtazama ndevu. Aliona mtutu umelala sawasawa na vifua vya watu. Hakupiga kelele. Alimshika Hani mkono, akawapungia wanawake wenzake, wakasogea nyuma ya malori kama watu wanaokwenda kununua ndimu. Kisha akapiga simu kituoni.

Koplo Maryan alikuja na Mursal. Walimsalimia mgeni kwa adabu, wakamwomba kitambulisho. Alikuwa polisi wa akiba wa Hulugho, aliyesindikiza ng'ombe. Karatasi zake zilikuwa sawa. Mursal alimwonyesha jinsi ya kugeuza bunduki begani, mtutu ukaelekea chini.

Mgeni alishangaa. "Nimebeba bunduki miaka mingi. Kwetu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza chochote. Nani amewaita?"

"Mimi," Ebla alisema. "Usichukie, ndugu yangu. Hapa tunaitazama kwanza bunduki, mtu baadaye."

Mgeni alimtazama Hani, aliyekuwa akichungulia nyuma ya mama yake.

"Nina watoto wadogo nyumbani," alisema polepole. "Na bunduki hii hulala mlangoni."

Akamgeukia Koplo Maryan. "Dada, Hulugho utakuja lini?"