Shuka la Ijumaa Kuu

Jumanne baada ya Pasaka, shuka lilikuwa bado limelowa.

Siku nne kwenye kamba, jua na upepo wa mlimani, na bado lilidondosha maji. Ségolène, meya wa Roquevielle, alilitazama kwa hasira. Miaka minne alikuwa akihangaika kijiji chake kiingie kwenye orodha ya vijiji vizuri: alipanda maua, akaficha nyaya, akagombana na kila mwenye dirisha la plastiki. Halafu wakaguzi wa orodha hiyo wakachagua kuja Ijumaa Kuu, wakaomba kuona hodhi la kale la kufulia, kule mtoni, likitumika. Hakuna mwanamke aliyekubali. Akalifua shuka hilo mwenyewe.

"Nilikwambia," alisema Léontine, mama mkwe wake. "Afuaye Ijumaa Kuu anafua sanda ya mtu wa nyumbani mwake."

"Mama, ningewaambia warudi Krismasi?"

"Endelea na mzaha. Mumeo anatetemeka huko ndani."

Kweli Gaspard alikuwa kitandani, ananuka majivu na tope. Kutoka bondeni ulisikika ubao wa kupigia nguo, pa, pa, pa, na hodhini hapakuwa na mtu, na kila pigo lilipotua Gaspard alikohoa, na kila alipokohoa maji ya mto yalimtoka mdomoni, machafu, ya baridi, mpaka godoro likaloa.

"Lirudishe hodhini," Léontine alinong'ona. "Atakuja wa kushika ncha ya pili. Likamue pamoja naye, uzungushe anakozungusha yeye. Usiachie mpaka aachie yeye."

Ségolène alishuka mchana huohuo. Alipolichovya shuka, ncha ya pili ilinyanyuka yenyewe, ikakazwa. Hakuona mikono. Alizungusha akifuata, akilia kwa hofu na kwa kuchoshwa na kijiji kisicho na shukrani, maji meusi yakimwagika miguuni, hata kishindo cha ubao kikakoma, na juu dirishani akamsikia Gaspard, sauti yake ileile ya kila siku.

"Ségo, kahawa iko wapi?"

Simu ikalia mfukoni. Wakaguzi. Miaka minne.

Aliachia mkono mmoja tu.

"Hongera, Bi Meya. Mmepita."

Shuka likamchomoka. Alipanda mlima mbio. Léontine alikuwa amesimama mlangoni, akampisha.

Shuka lilikuwa kitandani, jeupe, limekauka kabisa. Lilimfunika Gaspard kutoka utosini hadi nyayoni, limenyooshwa vizuri.