Nafasi ya Koti la Kijani

Walikutana stesheni, saa ambayo kila mtu ana haraka na hakuna mwenye adabu. Nesi alikuwa ametoka zamu, koti lake la kijani limefungwa hadi kidevuni, miguu inamuwaka moto ndani ya buti. Akamkanyaga mwanamume aliyechuchumaa na kamera mbele ya theluji iliyogeuka tope.

"Kaka, theluji safi imejaa bustanini, wewe unapiga picha uchafu?"

"Ile safi ina wachoraji wengi, dada. Hii haina mtu."

Akacheka kwa uchovu, lakini akacheka. Wiki haikuisha wakawa wanapigiana simu kuulizana tu wamekula nini.

Bwana huyu aliuchora mji wa baridi kama ulivyo. Alipiga picha kwa kamera, akaigawa miraba midogo, kisha akaihamisha mraba kwa mraba kwa brashi nyembamba, miezi minane kwa turubai moja. Ukisimama mbele ya kazi yake unatamani kufuta ukungu kwenye kioo cha basi. Hata kipisi cha sigara alikichora na alama za meno.

Baridi iliyofuata alihitaji mtu wa kusimama penye dirisha la tiketi. Nesi akapiga simu kazini, akakohoa kikohozi cha uongo, akaenda kusimama na koti lake la kijani.

"Usitikisike, kipenzi."

"Nikiganda utanibeba?"

"Mgongo wangu huu? Nitakuchora."

Miezi yote minane mchoraji hakumruhusu kuiona picha. Siku ya maonyesho nesi alivaa gauni la zambarau, akapaka rangi ya mdomo, akamtambia dada yake kwamba leo anakwenda kujiona ukutani. Akafika, akatazama. Dirisha la tiketi lilikuwepo. Ubao wa saa za treni ulikuwepo, bablishi iliyokanyagwa ilikuwepo. Pale aliposimama yeye palikuwa na vigae vitupu, vimelowa. Iliuma, tena iliuma mbele za watu.

Alimpigia simu akiwa nje.

"Bablishi ya kutafunwa umeichora. Mimi umenifuta."

"Mpenzi, nisikilize…"

"Kamwambie bablishi akupikie!"

Akakata. Siku tisa hakupokea simu yake. Siku ya kumi, asubuhi, mchoraji akagonga mlango wa chumba cha nesi, macho mekundu, ndevu hazijanyolewa. Nesi alikuwa hana hata nguvu ya kugomba.

"Ingia, unaniletea baridi."

Mchoraji akakunjua bango la maonyesho, lenye picha ileile.

"Mabango haya yatabandikwa kila kituo, hata mlangoni pa hospitali yenu. Soma ubao wa treni."

Nesi akasoma: tarehe na saa za siku ile aliyojifanya mgonjwa. Na kabla ya siku ile msimamizi wa wodi alikwisha kumpa barua ya onyo la mwisho kwa utoro.

"Ningekuchora, hata kipofu angekutambua. Ungefukuzwa kazi."

"Si ungebadilisha tarehe tu?"

Mchoraji akalitazama bango upya. Miezi minane, na wazo hilo halikumpitia kichwani hata mara moja.

"Tarehe ndiyo ile," akasema polepole. "Sasa ningeibadilishaje?"

Nesi akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu yakaendelea bila kicheko.

"Wagonjwa wananishika mkono usiku kucha, kukicha hawajui uso wangu. Nilitaka mahali pamoja tu ambapo mtu ataona kwamba nilikuwepo. Ungeniuliza!"

"Niliogopa. Nisamehe."

Nesi akachukua simu, akampigia msimamizi.

"Shikamoo, mama msimamizi. Ile siku ya kikohozi, sikuwa mgonjwa. Nilikuwa stesheni. Picha itabandikwa mlangoni, nami nataka nichorwe humo, nimeona nikuambie mwenyewe."

Mchoraji akafumba macho.

"Zamu za wikendi sita mfululizo ni zako," sauti ya msimamizi ikasema. "Na ukirudia, usinipigie simu, leta funguo za wodi."

Nesi akaketi kitandani kwa uzito wote alionao.

"Haya. Huna kisingizio tena. Nirudishe pale, na tarehe usiiguse."

"Itachukua miezi mitatu."

"Ichukue."

"Nioe… yaani, nataka nikuoe. Kabla picha haijaisha."

"Unaniposa nina soksi zilizotoboka na nywele hivi?"

"Ndivyo ninavyokuona."

Nesi akajinyoosha kitandani na kuvuta blanketi.

"Nimekubali," akasema, macho yakijifumba. "Lakini niache nilale kwanza."