Redio Iliyonyamazishwa

Mshonaji alikuwa anamalizia mkono wa sare ya shule pale cherehani yake ya umeme ilipozimika. Sindano ikabaki imezama kwenye kitambaa.

"Uniti zimeisha tena!" alisema. "Si tumenunua juzi tu!"

Chumba cha pili redio nayo ilikuwa imenyamaza. Mama mkwe wake alikaa kitandani. Macho yake hayakuwa yanaona tena. Redio ndiyo iliyomletea dunia: habari, nyimbo, michezo ya kuigiza, na kila jioni matangazo ya vifo.

Mshonaji alisimama mlangoni, hasira zimempanda.

"Mama, hii redio inawaka toka asubuhi mpaka unapolala. Ndiyo inayotumaliza."

"Karedio haka, mwanangu?"

"Haka haka! Umeme ukikatika sishoni. Nisiposhona hatuli."

"Haya. Ichukue."

Mshonaji akaichomoa, akaiweka juu ya kabati. Mume wake, dereva wa lori, alikuwa safarini. Hapakuwa na wa kumwambia, "Hebu ngoja kwanza."

Nyumba ikapoa. Mwanzoni mama mkwe aliuliza, "Saa ngapi sasa?" Baadaye hata hilo hakuuliza. Na uniti? Ziliendelea kuyeyuka vilevile. Mshonaji aliliona hilo, akaguna, akajifanya hakuliona.

Asubuhi moja alikuja mgeni, binti wa shoga yake mama mkwe wa tangu utotoni. Alikaa kwenye kiti, akashika mkono wa yule bibi.

"Mama mdogo, hatukukuona msibani."

"Msiba wa nani?"

"Wa mama. Tumeshamzika. Simu ya mwanao haikupatikana, tukatangaza redioni. Tulisema, mama mdogo atasikia tu, yule na redio ni pete na kidole."

Mshonaji alikuwa ameshika birika la chai. Alingoja atajwe.

"Redio yangu iliharibika," mama mkwe akasema polepole. Kisha akajifunika uso kwa kanga, akalia.

Yale maneno ya kumfichia aibu yalimchoma mshonaji kuliko matusi. Mgeni alipoondoka tu, alikwenda kwa jirani, fundi wa friji ambaye mtaa mzima ulimwita Baridi.

"Nataka kujua ni nini kinachokula umeme wangu," alisema. "Nimechoka kubahatisha."

Baridi alikuja na mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi.

"Shemeji, hii unaichomeka ukutani, halafu kifaa unakichomeka juu yake. Yenyewe inakuonyesha."

Wakaanza na redio.

"Tisa," mshonaji akasoma.

"Wati tisa. Ikiwaka kutwa nzima haifiki hata robo ya uniti."

Wakapima pasi. Namba ikaruka mpaka elfu moja na zaidi.

"Kumbe ni pasi!"

"Pasi ina nguvu, lakini unaitumia kwa muda mfupi. Angalia vyote viwili, nguvu na muda. Sasa twende kwenye friji. Hii inawaka na kuzima yenyewe, kwa hiyo tuiache kwenye mita mpaka kesho saa kama hizi."

Kesho yake mita ilionyesha uniti nne.

"Kwa siku moja?" mshonaji akauliza.

Baridi alibana karatasi kwenye mlango wa friji, akaivuta. Ikateleza bila shida.

"Mpira wa mlango umechoka. Baridi inatoka, joto linaingia, mashine haipumziki. Na umeibandika ukutani, inakosa hewa."

"Kwa hiyo redio..."

"Redio ya watu haina kosa, shemeji."

Mshonaji akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akatazama sakafu.

Wiki hiyohiyo Baridi alibadilisha mpira. Wakaisogeza friji mbele, wakafuta vumbi nyuma yake. Mshonaji akaacha kuweka chakula cha moto ndani. Walipopima tena, matumizi ya siku yalikuwa uniti moja na kidogo. Sare zote zilishonwa, na umeme haukukatika.

Lakini siku ileile mita ilipoonyesha uniti nne, mshonaji alikuwa amerudisha redio mezani, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nilikutuhumu bila kupima. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu." Mama mkwe alipapasa mpaka akampata bega. "Ila mwenzangu sikumzika."

Asubuhi iliyofuata mshonaji alifunga cherehani, akamshika mkono, wakaenda makaburini taratibu. Walipofika, mama mkwe aliomba asaidiwe kuinama. Akaweka kiganja juu ya kaburi, akakiacha hapo kwa muda mrefu.

"Udongo umeshakauka," alisema.