Redio Iliyokaushwa Kama Chungu

Rut alikuwa mfinyanzi wa Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Nyasa. Asubuhi alikanda udongo. Mchana alifinyanga. Mara moja kwa juma alipakia vyungu mtumbwini akaenda kuviuza Mwaya. Mumewe, Zebedayo, alikuwa mvuvi. Wote wawili walikuwa watu wa kanisa, na wote wawili walipenda ubishi, kwa hiyo nyumba yao haikupoa.

Mtoto wao wa kwanza, Ipyana, alikuwa ameondoka nyumbani angali mdogo, sauti yake bado nyembamba. Alikwenda Dar es Salaam na mjomba wake, akakulia huko, akapata kazi bandarini. Miaka ilipita bila yeye kurudi, maana njia ni ndefu na nauli si mchezo. Barua zake zilikuja. Zebedayo alizisoma, Rut alizisikiliza. Lakini barua haina sauti, na Rut aliitamani sauti ya mwanawe mpaka akawa anaona aibu kuisema haja hiyo mbele za watu.

Basi mwaka mmoja samaki walikuwa wengi, na Zebedayo akanunua redio ya betri katika duka moja la Mwaya. Ikombe yote haikuwa na redio nyingine. Kisha barua ya Ipyana ikaleta habari kubwa. Yeye sasa ni mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao huko mjini. Asubuhi ya Pasaka kwaya hiyo itaimba redioni. Sikilizeni, aliandika, na mimi nitakuwemo.

Tangu siku hiyo Rut hakutulia. Alikanda udongo huku anacheka peke yake.

Zebedayo naye hakujiweza kwa fahari. Aliichukua redio mtumbwini kwenda kuwaonyesha shemeji zake wa Mwaya. Wakati wa kurudi upepo wa kusini ukavuma, mawimbi yakainuka, na moja likaingia mtumbwini. Zebedayo alifika nyumbani maji yanamchuruzika, na redio aliyoikumbatia kifuani ilikuwa inachuruzika vilevile.

Rut hakumkaripia. Aliichukua redio kama anavyochukua chungu kibichi. Mfinyanzi yeyote wa Ikombe anajua kwamba chungu chenye maji hakitupwi motoni moja kwa moja, kitapasuka. Unakiweka kando ya moto, unakigeuza pole pole, upande huu na upande ule, mpaka maji yote yatoke. Ndivyo alivyofanya. Aliigeuza redio kando ya meko kwa uangalifu wote wa mikono yake. Ilipoanza kutoa harufu ya mshumaa, alidhani ni maji yanayotoka.

Kesho yake Zebedayo alizungusha kitufe. Kimya. Akazungusha tena. Kimya kabisa.

Rut alishika tama. Alijua kwamba si ziwa peke yake lililoiua redio ile.

Zebedayo alikwenda dukani Mwaya na hati ya dhamana aliyopewa siku ya kununua. Mwenye duka aliisoma, kisha akamweleza bila kumficha. Hati hiyo inahusu makosa ya kiwandani. Redio ikiingia maji au ikipata moto, dhamana haipo. Anaweza kuipeleka kwa kampuni iliyoitengeneza, lakini kampuni iko Ulaya. Zebedayo atalipia safari ya meli kwenda na kurudi, atalipia na matengenezo. Huenda redio ikarudi karibu na Krismasi.

Aliporudi alimweleza mkewe, na alikuwa ameshakata shauri. Redio iende Ulaya. Aliyeitengeneza ndiye anayeijua, alisema, na yeye atauza hata nyavu zake akilazimika. Rut alisikia neno moja tu katika maneno yale yote. Krismasi. Yalikuwa yamebaki majuma matatu kufika Pasaka.

"Na Ipyana?" aliuliza.

Zebedayo aliinuka. Alitoka nje akaenda kutazama ziwa.

Siku ya soko Rut alipeleka vyungu Mwaya. Mmoja wa wateja wake alikuwa Naomi, mke wa mzee Asegelile. Mzee huyu alikuwa mkulima wa mpunga. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa askari huko Burma, na kazi yake ilikuwa kutunza redio za jeshi. Jambo hilo alilitangaza kwa kila mtu, hata kwa asiyeuliza. Rut alimkuta mzee barazani kwake.

"Mugonile, tata," alimwamkia kwa Kinyakyusa, kama mtu anavyomwamkia baba.

"Ndaga, mama. Mbona uso umenywea hivyo?"

Rut alimweleza yote. Maji, meko, harufu ya mshumaa, Ulaya, Pasaka. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi.

"Umeipika vizuri, mama. Imekosa chumvi tu," alisema. Kisha alipoona Rut hacheki, naye akaacha. "Sikiliza. Harufu uliyoisikia ni nta. Ndani ya redio mna vipande vidogo vilivyopakwa nta ili unyevu usiingie. Ulipoiweka kando ya moto, nta iliyeyuka ikatiririka. Labda imeziba mahali umeme unapopita. Kama ni hivyo tu, haina haja ya kuvuka bahari."

Rut alimwomba aje aitengeneze. Mzee akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, vitu vidogo havioni tena. "Mimi nitasema," alisema. "Mikono itakuwa yako."

Nyumbani ulikuwa ubishi wa haja. Zebedayo aliogopa, na hofu yake ilikuwa na sababu. Redio ikiharibika zaidi, hata kampuni itaikataa.

"Ikifa mikononi mwako je, Mama Ipyana?"

"Imeshakufa mikononi mwangu, Baba Ipyana. Niache niihangaikie. Ikinishinda, itakwenda hiyo Ulaya, wala sitafungua mdomo."

Zebedayo alichukua kasia. Halafu akaenda kuuandaa mtumbwi. Safari hii redio ilivishwa turubai na kufungwa kwa kamba, mtoto mchanga hafungwi hivyo.

Barazani kwa mzee Asegelile waliiweka juu ya mkeka safi, mahali penye mwanga. Rut akashika bisibisi ya mzee, akataka kuanza.

"Ngoja," mzee alimzuia. "Kwanza betri itoke. Betri hii kubwa inauma. Kule Burma nilimwona askari amerushwa nayo kama panzi. Usitie mkono ndani ya redio yenye betri, siku yoyote."

Zebedayo akaitoa betri. Ilikuwa imevimba na kuchuruzika. Mzee aliipapasa akasema hiyo basi tena, itanunuliwa nyingine dukani. Kisha Rut akafungua skrubu za mgongoni, na zote akaziweka ndani ya kibakuli zisipotee.

Ndani mlikuwa na taa nne ndogo za kioo, zile zinazoifanya redio iseme. Mzee alieleza kwamba zote zinafanana kwa macho lakini kazi zake ni mbalimbali, na kila taa ina kiti chake chenye matundu inamochomekwa. Ukizichanganya, redio haitasema. Rut alifikiri kidogo. Akafungua kitambaa alichofungia udongo mweupe wa kupambia vyungu. Taa ya kwanza akaitia nukta moja, na kiti chake nukta moja. Ya pili nukta mbili. Mzee alipoambiwa alipiga makofi, akasema jeshini hawakuwa na akili hiyo.

Alizichomoa taa kwa kuzishika chini, bila kuzitikisa. Kweli, miguu yake ilikuwa imejaa nta iliyoganda, na masizi ya meko yalikuwa yamenata juu yake. Matundu ya viti yalikuwa yamezibwa. Rut alichonga kijiti chembamba cha mwanzi, akaitoa nta tundu kwa tundu. Miguu ya taa aliifuta kwa kitambaa kikavu. Palipokuwa na kutu ya kijani alikwangua taratibu mpaka shaba ikang'aa.

"Unaona kipande chochote kilichopasuka au kuungua?" mzee aliuliza.

"Hapana, tata."

"Ungekiona, ningekwambia tusimame. Kusafisha na kukausha, hiyo ni kazi yetu. Kilichoungua ni cha fundi mwenye vifaa. Mtu ajue pa kuanzia na pa kuachia."

Halafu aliwaonya kuhusu kukausha. Redio haikaushwi kwa moto wala kwa jua kali. Huachwa wazi kivulini, penye upepo, siku kadhaa, na haiwashwi mpaka iwe kavu kabisa. Rut aliitikia kwa unyonge. Alimpa mzee chungu kikubwa kuliko vyote alivyokuja navyo, na mzee akasema ndaga fijo, asante sana, akaanza kuuliza watapika nini ndani yake leo.

Redio ilikaa kivulini nyumbani Ikombe, imefunikwa kitambaa chepesi vumbi lisiingie. Jumamosi kuu Zebedayo alileta betri mpya. Taa zilirudi kwenye viti vyake, nukta kwa nukta. Akazungusha kitufe.

Kimya.

Rut akakaa chini. Zebedayo akakaa naye. Baadaye Rut aliinuka, akamwambia atoe betri. Akazikagua taa upya, moja moja. Ya nukta tatu haikuwa imezama sawasawa. Chini ya tundu moja mlikuwa na chembe ya nta, ndogo kama punje ya ulezi. Akaitoa kwa kijiti, akaisukuma taa mpaka ikakaa. Zebedayo akarudisha betri, akawasha. Redio ikakoroma, ikapiga mluzi, kisha mtu akasikika anasoma habari za bei ya pamba.

Rut alilia kwa ajili ya bei ya pamba.

Asubuhi ya Pasaka, baada ya ibada, nyumba ilijaa majirani mpaka uani. Mtangazaji alitaja kwaya. Wimbo ukaanza, sauti nyingi pamoja, na Rut akasogeza sikio. Alikuwa anaitafuta ile sauti nyembamba iliyoondoka nyumbani. Hakuipata. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Macho yakaanza kumjaa machozi. Akawaza kwamba labda mtoto ameugua, hakuja kuimba.

Ubeti wa tatu wengine walinyamaza, mtu mmoja akaimba peke yake. Ilikuwa sauti nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Rut aliijua sauti hiyo. Ni sauti iliyokuwa ikimwimbia ufukweni zamani, kabla hajaolewa. Aligeuka akamtazama mumewe.

Zebedayo alikuwa ameketi palepale, amefumba mdomo, na sauti yake ya ujana ilikuwa inatoka redioni, kinywani mwa Ipyana.