Samaki Wafunge Kabla ya Safari

Ndugu zangu wa mtaa huu, leo sikuja kupiga domo. Nina hofu ambayo bado haijanitoka, na nimeona heri niigawe kwenu, kila nyumba ibebe kidogo.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni dereva wa gari la mikate. Mtaani tunamwita Bwana Najua, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila afunguaye mdomo. Ukimwambia tairi lake limepungua upepo, anajua. Ukimpa salamu za mama mkwe wake, anajua. Mkewe ni fundi cherehani, mtu wa vicheko, nasi humwita Fundi tu. Vidole vyake hupitisha uzi kwenye tundu la sindano huku macho yake yakikutazama wewe usoni.

Asubuhi moja nilikuwa uani kwao, na palikuwa na raha. Bwana Najua alikuwa amejenga bustani ya samaki: chini tangi kubwa, juu yake masanduku ya kokoto yaliyopandwa mboga. Maji yaliyochafuliwa na samaki yangepandishwa kwenye kokoto yalishe mboga, kisha yangerudi tangini yakiwa safi. Maji yalikuwa yakichuruzika, Fundi amekaa kwenye kigoda anashona ukosi wa shati. Kilichokosekana ni samaki wenyewe.

Samaki walikuwa kwa dada yake Bwana Najua, mfugaji, upande wa pili wa mji. Dada huyo alikuwa safarini, na kaka mtu ndiye aliyekwenda kulisha samaki wake. Kwa shukrani dada alimwambia achukue vifaranga vya perege. Siku hiyo akapiga simu kumweleza jinsi ya kuwasafirisha, na sote tulimsikia kwenye spika.

"Kaka, samaki wafunge kabla ya safari," alisema. "Na njiani hewa isikosekane. Sasa, kuhusu mifuko ya kuwatilia..."

"Najua, dada," akajibu, akakata simu.

Lishikeni hilo neno, wafunge. Ndilo lililotaka kututoa roho.

Gari la mikate ni sanduku la bati lisilo na dirisha. Juu lina matundu ya kutolea mvuke, mikate ya moto isilowane. Bwana Najua alipanda juu na utepe wa gundi, akayaziba yote. Nilipomuuliza sababu alisema si nimesikia mwenyewe, dada ameagiza samaki wafungwe, upepo na vumbi visiwaguse. Nikamwambia mbona dada huyo huyo amesema hewa isikosekane. Akaniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto mzito, akanionyesha pampu ya hewa, ile ya kutoa mapovu majini. Pampu ilitaka umeme. Basi akaazima jenereta ndogo ya petroli na kuifunga kwa kamba humo humo ndani ya gari.

Kesho yake tulikwenda sote watatu nyumbani kwa dada. Kwanza aliwalisha samaki wakashiba, ati wasipatwe na njaa njiani, kisha akawatia kwenye mapipa mawili. Fundi aliingia nyuma ashike mipira ya hewa isichomoke. Mimi nilikaa mbele, maana nilikuwa nimeahidiwa vifaranga vichache.

"Ukiona samaki wanaelea, gonga bati," alimwambia mkewe. "Usipogonga, nitajua wako salama."

Akawasha jenereta, akafunga mlango, akakaza komeo. 

Mwanzoni tulimsikia Fundi. Gari likiingia shimoni yeye hupiga ukelele, halafu anacheka. Mumewe naye alikuwa akicheka huku mbele. Baadaye kidogo bati likagongwa mgongoni kwangu. Bwana Najua akapunguza mwendo, akauliza kwa sauti kubwa iwapo samaki wamekufa.

"Samaki wazima," Fundi alijibu, na sauti yake ilikuwa nzito. "Kichwa ndicho kinaniuma, mume wangu. Na huu moshi."

Akamwambia avumilie, ni harufu ya petroli tu, tunakaribia. Nilimsihi asimame amfungulie. Akasema anajua, na kwamba samaki wakipigwa na upepo watashtuka. Ndugu zangu, sikio la kufa halisikii dawa.

Bati halikugongwa tena. Jenereta peke yake ndiyo iliyokuwa ikinguruma.

"Unaona, jirani?" akasema huku akitabasamu. "Kimya. Wanastarehe."

Mara tukaingia shimo lililonirusha nikagonga kichwa darini. Nikangoja ukelele wa Fundi. Nikangoja kicheko. Nyuma hapakutoka hata 'aka'. Hapo nikatoa simu mfukoni. Nilimpigia. Tukaisikia simu yake ikiita nyuma ya bati, karibu kabisa na migongo yetu, ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena. Ikaita tena.

Tabasamu lilimtoka Bwana Najua. Akakanyaga breki katikati ya barabara, akakimbia nyuma, na komeo alilolikaza mwenyewe likamshinda kulifungua. Tulilivuta pamoja. Moshi ukatupiga usoni.

Fundi alikuwa amelala ubavu kati ya mapipa, mpira wa hewa ungali mkononi. Na samaki, jamani, samaki walikuwa wakicheza, mapovu yanapanda, maji yanachemka kwa uhai. Mumewe alimburuta hadi ukingoni mwa barabara akimwita mke wangu, mke wangu, kama hajui neno jingine. Mwenye gari lililokuwa nyuma yetu ndiye aliyetukimbiza hospitali.

Walimvalisha kifaa cha hewa puani. Hewa ile ilipita kwanza kwenye chupa ya maji kando ya kitanda, na chupa ikawa inatoa mapovu, blu, blu, blu, sawa na pampu ya samaki. Bwana Najua aliziba masikio akatoka nje. Daktari alitueleza kwamba katika moshi wa jenereta mna sumu isiyoonekana, inayokaa ndani ya damu mahali pa hewa. Tungechelewa kidogo tu, alisema, tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Dada alifika moja kwa moja kutoka safarini. Alimsikiliza kaka yake mpaka mwisho, kisha akaketi sakafuni.

"Kaka, nilisema wafunge," alisema polepole. "Wasile. Wafunge kama watu wanavyofunga, ili wasichafue maji njiani. Nani alikwambia uwafungie?"

Mtu mzima yule alifungua mdomo, na lile neno lake halikutoka.

"Sikujua," akasema.

Fundi alipona, lakini si mzima kama alivyokuwa. Vidole vyake vinatetemeka, na tundu la sindano linamkimbia. Siku hizi mumewe huketi naye uani, analowesha ncha ya uzi mdomoni na kukodoa macho. Juzi nilimsikia akimuuliza mkewe, "Uzi huu naupitishia upande gani?" Fundi alicheka, kicheko chake kile kile, nami nikalia nyuma ya ukuta.

Samaki wote walifika wazima. Wananenepa tangini, mboga zimestawi. Sijaweza kula hata mmoja.

MAFUNZO

Usiwashe kamwe jenereta wala jiko la mkaa mahali palipofungwa penye mtu, hata kwa safari fupi, hata kama husikii harufu. Samaki wa safari waache bila chakula tangu siku moja kabla, watie kwenye mifuko yenye maji kidogo na hewa nyingi, uwakinge na jua. Hawahitaji mlinzi wa kufungiwa nao.

Anayelalamikia kichwa afunguliwe mlango kwanza, samaki baadaye. Na usikate maneno ya anayekufundisha. Kuuliza si ujinga. Ukiambiwa "wafunge", tafadhali, ndugu yangu, uliza: wafunge nini?